Hapana ya Tatu

Barafu ilikuwa imeuachia mto tangu siku tisa nyuma, na katika siku hizo tisa Orlin Brekke hakufanya la maana ila kuingojea Jumamosi. Alipaka grisi magurudumu ya trela ya boti. Alichaji betri mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Alifunga ndoana mpya kwenye mishipi, akazitazama, akazifungua, akazifunga upya. Kwa kuwa mikono yake, tangu mwezi wa Novemba, haikuwa na pa kukaa. Novemba ndipo alipomzika mkewe, Ardis, aliyeishi naye miaka arobaini na sita.

Jumamosi ilipofika, saa moja ya asubuhi, aliishusha boti majini pamoja na binti yake, Signe. Hewa ilikuwa ya kukata masikio. Mapande ya barafu yaliyobaki yalipita katikati ya mto yakigongana taratibu, na juu ya miti isiyo na majani walikaa tai wenye vichwa vyeupe, wakitazama maji kwa uchu uleule wa wavuvi. Mahali hapo, chini ya ukuta wa bwawa, Mto Mississippi ndio mpaka wa Minnesota na Wisconsin. Na mwezi Machi, maziwa yote ya nchi ile yakingali yamefungwa na barafu, hapo tu ndipo mtu aliyeshinda nyumbani miezi minne huweza kutia ndoana katika maji yatembeayo.

Samaki nao hulijua jambo hilo. Hupanda kutoka ziwa ambalo mto huliingia huko chini, majike wakiwa wamejaa mayai, wakasongamana chini ya bwawa ambapo hawawezi kupita tena. Yupo jicho-jeupe, aliyepewa jina hilo kwa jicho lake linalong'aa kwa weupe kama la paka aliyemulikwa taa. Na yupo nduguye mdogo, soga, mwenye safu za madoa meusi kwenye pezi la mgongo, akaaye chini kabisa kwenye giza la vina. Wageni huwachanganya wawili hao. Orlin angeweza kuwatambua huku amefumba macho, kwa kulipitishia kidole pezi.

Alikaa mbele, kwenye mota ndogo ya umeme, mguu wake ukiwa juu ya kikanyagio. Kazi ya mtu wa mbele ni moja tu, nayo si nyepesi: kuiachia boti iteremke kwa mwendo uleule wa maji, isitangulie wala isichelewe, ili mshipi wa aliye nyuma uning'inie wima kama uzi wa fundi mwashi. Mshipi ukilala, kichwa kizito cha madini ya risasi kinachoizamisha ndoana huinuka, dagaa aliyetungwa hupaa mbali na samaki, na siku huwa imeharibika. Kwa hiyo aliye nyuma huvua kwa imani ya aliye mbele. Kiti cha nyuma kilikuwa cha Ardis. Asubuhi hiyo alikikalia Signe, amejifunga skafu ya mama yake hadi puani.

"Boti hii bado inanuka kahawa ya Mama," alisema Signe.

"Alimwaga themosi nzima, mwaka ule wa mafuriko. Halafu akanilaumu mimi."

"Si uligonga gogo?"

"Gogo ndilo lililonigonga mimi. Nilikuwa nimejikalia."

Signe alicheka, na Orlin akageuka upande kuangalia kioo cha kupimia kina, asionekane jinsi kicheko kile kilivyomwingia. Kilikuwa cha Ardis, hakikupunguzwa hata kidogo.

Boti nyingine iliwapita ikipanda kuelekea bwawani. Ndani yake alikuwamo Verdell Quamme, jirani na rafiki wa Orlin tangu shule ya msingi, mtu mfupi, mnene, aliyevaa makoti mawili.

"Orlin! Umepata kitu, au unamtembeza mtoto tu?"

"Tunaogesha dagaa," alijibu Orlin.

"Signe, mwambie babako samaki wako chini ya maji! Yeye anawatafuta angani!"

"Na wewe umepata wangapi, Mzee Verdell?"

"Mmoja. Lakini ana akili kuliko babako!"

Akapita akicheka peke yake, na mawimbi ya boti yake yakawatikisa kidogo, kisha mto ukatulia.

Kadhia iliyokuwamo ndani ya boti ile, ambayo wote wawili waliijua na hakuna aliyeigusa kwa siku mbili, ilikuwa hii. Signe alikuwa muuguzi wa watoto huko Arizona, kwenye jangwa, kwa miaka ishirini na miwili. Alikuja kumtazama baba yake kwa likizo ya siku nne. Na hospitali ndogo iliyo ng'ambo ya mto, upande wa Wisconsin, mwendo wa dakika kumi kwa gari kutoka nyumbani kwa Orlin, ilikuwa imemwambia kwamba ina nafasi, na kwamba ingependa aichukue. Msimamizi wa wauguzi alitaka jibu siku hiyo ya Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa palikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akiingojea. Signe alilisema jambo hilo Alhamisi, mezani, huku akipaka siagi kwenye mkate. Orlin alisema, "Aa, hivyo?" Kisha wakazungumza habari za theluji.

Lakini usiku huo furaha ilimnyima Orlin usingizi. Maana tangu Novemba alikuwa akila kwa kusimama, mbele ya sinki, akitumia kijiko kimoja na kukiosha kilekile. Mwezi wa pili alikuwa amekipaka rangi chumba cha Signe cha utotoni, rangi ya bluu hafifu aliyoipenda alipokuwa msichana. Akahamisha masanduku yaliyokuwamo, akafua mapazia mwenyewe na kuyatundika kinyume, akayatundua, akayatundika sawa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alipokuwa akifanya, hata yeye mwenyewe hakujiambia sababu.

"Baba," alisema Signe, akiinua na kushusha ncha ya ufito wake wa kuvulia taratibu. "Kile chumba changu. Kwa nini umekipaka?"

"Rangi ilikuwa imebaki."

"Imebaki kutoka wapi? Hakuna kitu cha bluu nyumba nzima."

"Ilikuwa imebaki dukani," alisema Orlin. "Waliiuza rahisi."

Boti iliteremka, maji yakiwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa, na mishipi miwili ilining'inia wima, bila dosari. Orlin aliona fahari ndogo kwa hilo. Aliona pia kwamba saa yake ilikuwa imefika saa nne na robo.

Walipata soga wawili wa kadiri, kisha wengine watatu, wakawatia katika tangi la maji lililo katikati ya boti. Walipanda tena mto, wakaanza kuteremka upya. Na ndipo, walipofika usawa wa mnara wa taa za meli, Signe akasema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Ningeweza kuichukua ile kazi, Baba. Nikae nyumbani. Ukitaka."

Ni lazima isemwe hapa jinsi Orlin alivyolelewa. Watu wa bonde lile, ambao babu zao walikuja kutoka Norwe na kuleta adabu zao pamoja na visanduku vyao vya mbao, hawakubali jambo wanapopewa mara ya kwanza. Akubaliye mara ya kwanza huonekana mroho. Mara ya pili hukataa vilevile, lakini kwa upole zaidi, ili mtoaji ajue kwamba mlango haukufungwa kwa komeo. Mara ya tatu ndipo husemwa jibu lililo moyoni, na jibu hilo la tatu hakuna mtu wa heshima aliyewahi kulisema kwa uongo. Hivyo ndivyo Orlin alivyopokea kila kitu maishani mwake: kipande cha keki, msaada wa kuvuna, hata mke, kwani Ardis ndiye aliyemwuliza, na ilimbidi Ardis aulize mara tatu, na alihadithia kisa hicho katika kila harusi waliyokwenda.

Kwa hiyo alisema, kama alivyopaswa kusema:

"Aa, hapana. Usijisumbue kwa ajili yangu. Mimi sina neno."

Moyo wake ulikuwa ukipiga kama wa kijana. Moja, alihesabu.

Signe aliinua mshipi, akabadilisha dagaa, akaushusha tena, na macho yake yakabaki pale mshipi ulipoingia majini.

"Sisemi kwa kujisumbua," alisema hatimaye. "Nauliza kweli. Ungependa nikae?"

"Wewe una maisha yako kule," alisema Orlin. Alichagua maneno yake kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. "Si vizuri kuyavuruga kwa sababu ya mzee mmoja na boti yake."

Aliona amejibu vizuri. Hakusema hapana, alisema si vizuri. Ardis angeisikia tofauti hiyo akiwa chumba cha pili na bomba la maji limefunguliwa. Mbili. Sasa ilibaki ya tatu, na jibu lake lilikuwa tayari tangu Alhamisi usiku. Alikuwa amelitunga kitandani, akalifupisha, akaliondolea kila neno lililozidi, hadi likabaki hivi: Basi, kama halikutatizi. Kwa watu wake hapakuwa na neno la mapenzi lililo kubwa kuliko hilo. Alilishika kinywani, akangoja.

Aliona kwa pembe ya jicho Signe akivuta pumzi. Aliona skafu ikishuka kutoka puani. Aliona midomo ikifunguka.

Ufito wa Signe ukapinda hadi majini.

"Baba! Baba, amenaswa! Au ni gogo?"

"Gogo halitingishi kichwa. Mwachie mshipi! Usimvute, mwache yeye avute!"

Samaki alikwenda chini na kukaa huko, mzito, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayekataa. Orlin aliikanyaga mota, akaifuata njia ya samaki, akiizungusha boti ili mshipi usipite chini ya tumbo lake. Signe alikuwa akicheka na kulaani kwa pamoja. Dakika tano zilipita, kisha ubavu wa rangi ya dhahabu ukageuka chini ya maji, na ncha nyeupe ya mkia ikaonekana, alama isiyo na shaka ya jicho-jeupe. Orlin alitia wavu wa mkono, akamwinua.

Alikuwa jike. Urefu wake ulitimia mkono wa mtu kutoka bega hadi vidole, na tumbo lake lilikuwa limejaa mayai hata limekuwa gumu. Hakuna mwenye haya katika mto ule anayemla jike kama huyo katika mwezi wa tatu. Signe alivua glavu, akamshika kwa mikono miwili iliyolowa, na wote wawili wakamtazama.

"Mama angepiga kelele hadi Wisconsin," alisema Signe.

"Angepiga." Orlin alikuwa bado anahema. Alimpapasa samaki ubavuni kwa vidole viwili. "Basi, mrudishe. Mwache aende zake. Hapa alikuja kwa shughuli yake tu, na shughuli ikiisha, makao yake ni kule. Hawa si wa kuwekwa."

Signe hakumtazama samaki. Alimtazama baba yake.

"Si wa kuwekwa," alisema.

"Hata kidogo. Ni kumwonea."

Signe akainama, akamshusha samaki majini, akamshikilia mkia kwa upole mpaka mapezi yalipoanza kufanya kazi. Samaki akajipinda mara moja, akazama. Signe alibaki ameinama, mikono yake ikiwa ndani ya maji yale ya barafu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka aliifuta kwenye suruali, akatazama saa, akatoa simu mfukoni.

Orlin alikuwa ameanza kuosha wavu. Alikuwa akifikiri kwamba samaki amekatiza neno, na kwamba neno litarudi. Kwani ndivyo yalivyo maneno, hukatizwa na kurudi. Alisikia vidole vikigonga kioo cha simu. Akasikia mlio mdogo, kama wa ndege. Kisha vidole tena, na mlio wa pili.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Nimewajibu," alisema Signe. "Wale wa ng'ambo nimewaambia asante, wampe yule mwanamke mwingine. Na Arizona nimewaambia narudi. Walikuwa wakinitaka niwe mkuu wa wodi, nimewaambia ndiyo."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Orlin alishika wavu. Maji yalimchuruzika kwenye mikono ya koti, yakaingia hadi kwenye viwiko, na hakuyahisi. Boti, ambayo kwa miaka arobaini hakuwahi kuiacha ipotee mwendo, ilikuwa imegeuka ubavu, na mishipi yote miwili ililala juu ya maji.

"Mkuu wa wodi," alisema. "Hilo si jambo dogo."

"Ndiyo. Si dogo."

"Mama yako angefurahi."

"Mbona boti inakwenda kombo, Baba?"

"Upepo," alisema Orlin, na hapakuwa na upepo.

Walivua saa moja zaidi, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kusema waache. Walipata soga wengine watatu. Saa saba walirudi kwenye mteremko wa kushushia boti, ambako gari la kukodi la Signe lilikuwa limeegeshwa, sanduku lake likiwa tayari ndani. Kwani ndege yake ilikuwa ya jioni, na uwanja ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa nzima. Orlin alirudisha trela majini, Signe akaiongoza boti juu yake, wakafunga mikanda. Walifanya yote bila kuelekezana, kila mmoja akijua mkono wa mwenzake ulipo.

Verdell alikuwa amewatangulia. Aliwajia akitembea kwa mwendo wake wa bata, amebeba chupa kubwa ya kioo iliyojaa vipande vya samaki wa siki na vitunguu, kazi ya mikono ya mkewe.

"Hii LaVonne ametengeneza nyingi mno," alisema. "Shika, Orlin."

"Aa, hapana. Nyinyi mtakula nini?"

"Tunazo kumi na moja kabatini. Nimekula mpaka nanuka siki. Shika, bwana."

"Hapana, hapana. Mimi peke yangu nitaimaliza lini? Mpelekee mchungaji."

"Mchungaji ana zake tatu, na anatukimbia akituona. Orlin, chukua hii chupa kabla sijaiangusha."

"Basi," alisema Orlin, "kama haikutatizi." Akaipokea kwa mikono miwili.

Verdell aliridhika, akaenda zake kwenye gari lake. Mambo hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba ya kiatu, na kwa wanaume wale wawili yalikuwa ya kawaida mno hata wasingeyakumbuka jioni. Lakini Signe, aliyekuwa ameshika mlango wa gari lake wazi, alisimama pale pale. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba."

"Naam."

"Kule kwenye boti. Nilikuuliza mara ngapi?"

Orlin aliiweka chupa juu ya trela. Alikaza mkanda uliokuwa umekazwa.

"Baba, mara ngapi?"

"Mbili," alisema.

Signe aliziba mdomo kwa kiganja. Alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, naye akauegemeza mgongo wake kwenye gari.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Unajua nilipofika Arizona mara ya kwanza, mwaka mzima sikunywa kahawa kazini? Walikuwa wananiuliza, 'Unataka?' Nasema hapana. Basi wanakwenda zao! Na kahawa yao! Mpaka nikajifunza kusema ndiyo hapo hapo. Nikajifunza, Baba. Nikasahau hii ya kwetu. Nilidhani hunitaki."

"Sikusema sikutaki."

"Ulisema si wa kuwekwa!"

"Nilikuwa nasema habari za samaki," alisema Orlin.

Walitazamana. Maji yalidondoka kutoka tumbo la boti, tone kwa tone, juu ya lami. Signe alifuta macho kwa skafu, akajinyoosha, akasimama mbele yake wima, kama alivyokuwa akisimama utotoni alipotaka kusema shairi lake la Krismasi kanisani.

"Haya. Sasa nauliza mara ya tatu. Nafasi ile wameshampa mwenzangu, wamenijibu papo hapo. Sina kazi hapa. Lakini nitapiga simu Arizona niwaambie nimebadili mawazo, na nitatafuta kitu kingine huku, chochote kile. Sema tu. Unataka nibaki nyumbani?"

Neno lilikuwa kinywani mwake tangu Alhamisi. Lilikuwa fupi, limepigwa msasa, na lilikuwa limefika hadi kwenye meno.

Lakini Orlin alikuwa mtu aliyezoea kutazama maji na kuona kilichomo chini. Alimwona binti yake katika jiko la Ardis, mwezi wa sita, mwezi wa tisa, mwaka wa pili, akipanga vikombe. Alimwona akisoma matangazo ya kazi ya mji wenye hospitali moja. Alimwona, yeye aliyekwisha kuitwa mkuu wa wodi, aliyewatumikia watoto wa watu miaka ishirini na miwili hadi akapewa jina hilo, akimsikilizia mzee mmoja pumzi zake usiku na kungoja ziishe. Saa mbili nyuma angekuja na kazi yake mkononi na kichwa chake juu. Sasa angekuja mikono mitupu, na aliyeimwaga kazi ile alikuwa ni yeye, Orlin, kwa adabu.

Na zaidi ya yote aliujua uzito wa jibu la tatu. Signe alikuwa amesahau kuuliza, lakini damu yake isingesahau kuamini. Atakalolisikia sasa, atalichukua kuwa ndilo la moyoni.

Alimtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nimekwisha kuizoea nyumba ilivyo."

Signe hakupepesa macho. Alimchungulia kama mtu anayechungulia kisima.

"Hiyo ni ya tatu, Baba."

"Najua ni ya ngapi."

Tai mmoja alishuka kutoka mtini, akagusa maji kwa makucha, akainuka bila kitu. Signe aliinamisha kichwa taratibu, mara mbili, kwa kukubali, kama mtu anayesainishwa karatasi. Kisha akamkumbatia baba yake kwa nguvu, makoti yao ya mvua yakisuguana, na Orlin akampigapiga mgongoni mara tatu, ambayo ndiyo kadiri ya watu wake, kisha, kinyume cha kadiri hiyo, hakuuondoa mkono.

"Uangalie paa barabarani," alisema juu ya kichwa chake. "Wakati huu wanatoka sana kwenye mashamba. Mmoja akivuka, ujue wa pili yuko nyuma."

"Nitaangalia."

"Usikimbize gari."

"Sitakimbiza, Baba."

Aliingia garini. Aliirudisha skafu ya mama yake dirishani, na Orlin akasema aende nayo, Signe akasema kule ni jangwa ataifanyia nini, Orlin akasema aende nayo tu, naye akaenda nayo. Gari lilipanda mteremko, likasimama mahali barabara inapokutana na njia ya reli, taa yake ikawashwa kuonyesha kulia. Palikuwa kimya, na hapakuwa na gari lingine likija upande wowote, na bado lilisimama pale muda mrefu. Orlin alikuwa na simu mfukoni. Aliigusa juu ya koti. Mola ndiye ajuaye nguvu aliyoitumia mtu yule kuuacha mkono wake utulie mahali pake.

Kisha gari likapinda, likaenda.

Verdell alikuja akasimama kando yake. Alikuwa ameona, kwa kuwa hakuna kisichoonekana kwenye mteremko ule.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Nilisikia kuna kazi hospitalini ng'ambo. LaVonne aliambiwa kanisani."

"Amepewa wodi nzima huko Arizona," alisema Orlin. "Wodi nzima, Verdell. Ya watoto."

"Loo." Verdell alivuta kofia yake masikioni. Alimfahamu mwenzake kwa miaka sitini na mitano, na akamtazama usoni, kisha haraka akatazama kwingine. Aliizunguka trela polepole, akapiga teke gurudumu moja, akainama nyuma. "Taa yako ya kushoto haiwaki."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita. Ardis alikuwa akiniambia kila siku."

Verdell alikwenda kwenye gari lake, akaliwasha, akangoja. Orlin alipotoka na boti yake kuingia barabarani, Verdell alimfuata nyuma karibu sana, taa zake zote zikiwaka mchana kweupe, hadi mlangoni mwa nyumba.

Soga walikuwa wanane. Orlin aliwapara kwenye ubao wa uani, kwa kisu chembamba, mmoja baada ya mwingine, bila kuharibu hata kipande. Akaosha kisu. Akaosha ubao. Akazifunga nyama katika karatasi, vifurushi viwili vya watu wawiliwawili kama alivyozoea kufunga, akaviangalia, akavifungua, akaanza kufunga upya.